Mwachieni Kiatu cha Kulia

Watu wengi wakishapona hupenda kusema wamesamehe. Nimewasikia kwenye mabenchi ya hospitali na kwenye mikeka ya arusi: ugonjwa umenifunza subira, walionicheka nimewaachia Mungu. Mimi sikuwaachia. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyeamka asubuhi moja akaona mguu wake umekuwa wa mtu mwingine, na sitaki kumdanganya tangu mstari wa kwanza. Niliinuka kwa sabuni, kwa vidonge na kwa kisasi, na mpaka leo sijui ni kipi katika hivyo vitatu kilichofanya kazi kubwa zaidi. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mimi ni mtu wa kufikiri sana, na muulize yeyote Bagamoyo atakwambia kwamba ndiyo kasoro yangu.

Ugonjwa wenyewe ni matende. Nalitaja jina lake mapema kwa sababu nilichukua misimu mingi kabla ya kuweza kulitamka bila kushusha sauti.

Ulianzia kambini. Sisi tuliomaliza chuo kikuu miaka ile tulipelekwa kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, na huko ndiko buti la kushoto lilikoanza kunikataa. Asubuhi linaingia, jioni halitoki. Nilidhani ni kwa sababu ya mwendo. Kisha nikadhani ni buti lenyewe, nikabadilishana na mwenzangu. Kisha nikajiambia labda mguu wa kushoto wa kila binadamu ni mkubwa kidogo kuliko wa kulia, nikawa natazama miguu ya wasichana wenzangu bafuni mpaka mmoja akaniuliza nimepoteza nini huko chini. Masika yalipokuwa yakiishia ikaja homa ya kwanza: baridi ya kugonganisha meno, mtoki kinenani mgumu kama kungumanga, na mstari mwekundu uliotoka kwenye mtoki ukashuka pajani kana kwamba mtu ameuchora kwa wino. Homa ikaondoka. Mguu nao ukapungua, lakini haukurudi ulipokuwa.

Nikarudi nyumbani, kwenye nyumba ya marehemu baba mjini Bagamoyo, kungoja barua ya kupangiwa shule ya kufundisha. Nilikuwa nangoja na arusi pia.

Kabla sijakwenda kambini nilikuwa nimeposwa na Nassor, mtoto wa shangazi yangu Bi Zuwena. Baba alipofariki, Shangazi, dada yake wa pekee, ndiye aliyekuwa na kauli katika ukoo wetu. Mama yangu hakupaka chokaa ukuta bila kumwuliza. Ndoa ile aliitaka yeye. Alisema msichana aliyesoma akiachwa ovyo huishia kuolewa bara, na damu ya kaka yake haiwezi kutoka nje ya nyumba. Mimi sikupinga. Nassor alikuwa fundi wa mashine za boti kule Mbegani, mpole, mwenye meno mazuri, na nilimpenda tangu tulipokuwa watoto tukisoma Kurani kwa mwalimu mmoja. Katika vitu vya posa waliniletea jozi ya viatu vyeupe vya kufunika vidole, vilivyonunuliwa duka la Wahindi Dar es Salaam. Nilivijaribu mbele ya wanawake wote. Vilinikaa kama nilivyozaliwa navyo, na Shangazi mwenyewe ndiye aliyepiga kigelegele.

Homa ya pili ilikuja na vuli, nikiwa nyumbani. Mara hii mguu haukupungua hata kidogo. Nilikesha nikitafuta nilikokosea. Watu wa pwani husema madafu huleta mabusha kwa wanaume na uvimbe kwa wanawake, basi nikajaribu kukumbuka madafu yote niliyokunywa tangu utotoni na nani alinipa. Nikafikiria maji ya kambini. Nikafikiria laana ya bibi mmoja niliyempita bila kumwamkia. Elimu yote niliyokuwa nayo haikunisaidia kitu; ilinifanya tu niogope kwa mpangilio mzuri zaidi. Mama naye alikuwa na lake: aliamini nimekanyaga kitu kilichotegwa kwa ajili ya mtu mwingine. Akamwita fundi wa uganga, naye akanichanja chale kifundoni na kupaka unga mweusi. Chale zikatunga usaha. Mguu ukavimba mpaka gotini, na ukibonyeza ngozi kwa kidole, shimo linabaki kama kwenye unga wa maandazi.

Nakuomba wewe unayesoma, usikubali wembe kwenye mguu huo. Ngozi yake ikishafunguliwa, kila homa inayokuja inajua mlango.

Kaskazi ilipoanza kuvuma Mama akanipeleka hospitali Dar es Salaam kwa basi, mguu nimeulaza juu ya furushi la nguo. Nilijifunza mengi kuhusu watu kwenye benchi lile la wagonjwa wa nje. Mtu akifika hutazama mguu kwanza, halafu uso, halafu hutazama tena mguu ili ahakikishe ni vya mtu mmoja. Nikawa naufunika kwa kanga. Aliyekaa karibu nami, mwanamke wa Mkange aitwaye Bi Chausiku, alikuwa na mguu ambao wangu haukuwa hata mjukuu wake, na wala hakuufunika. Aliuweka mbele kama mtu aliyeleta mzigo sokoni.

“Huo wako bado mtoto,” akaniambia. “Mbona unamvalisha nguo? Mwogeshe kwanza.”

Ndiye aliyenifundisha yale ambayo hakuna mtu mwingine aliyenifundisha: maji safi na sabuni asubuhi na jioni, kukausha katikati ya vidole kwa kitambaa laini kana kwamba ni mtoto wa siku chache, kuufunga kwa vipande vya kanga kuanzia vidoleni kwenda juu, na kulala na mguu umeinuliwa juu ya mto. Alisema yeye aliyajua amechelewa. Alipoitwa jina alinyanyuka polepole, akanipiga begani, akaingia kwa daktari. Sikumwona tena. Nikihesabu rehema za ugonjwa ule, yeye namweka wa kwanza.

Walinilaza wodini ili wanitoe damu usiku. Mdudu wa matende, walieleza, watoto wake mchana hujificha ndani kabisa ya mwili, na usiku hutoka kwenye damu ya juu juu, pale mbu anapouma. Majibu yalipokuja, damu yangu haikuwa na kitu. Daktari alisema si jambo la ajabu: mara nyingi mguu ukishavimba, damu huwa tupu, kwa kuwa vita vimekwishahamia mguuni. Mimi sikumsikia vizuri. Nilisikia tu kwamba nina ugonjwa ambao hata wadudu wake wameukimbia. Wakanipa vidonge. Vilinipa kichefuchefu na kuniotesha vinundu vya maumivu pajani, na nilipovimaliza mguu haukupungua, ila homa zikaacha kuja. Wakati huo sikuona kwamba hilo ni jambo kubwa. Ni jambo kubwa. Mshukuru Mungu homa zikiacha.

Nilipokuwa huko Dar, mjini kwetu walifika watu wa utafiti. Walikuwa daktari mmoja mtu wa bara, mpole, asiyejua utani, na bwana wa maabara aliyeitwa Bwana Tenga, Mkwere wa Fukayosi, ambaye hakujua kitu kingine isipokuwa utani. Waliomba kupita nyumba kwa nyumba usiku kuchukua matone ya damu. Unaweza kukisia yaliyotokea. Gari linalotembea gizani kutafuta damu, katika mji ambao kila mtoto amekua akiambiwa habari za mumiani! Milango ilifungwa mtaa mzima. Shangazi ndiye aliyesimama kizingitini na kusema kwamba daktari wa halali hufanya kazi mchana, na anayetaka damu yake aje jua likiwa juu, watu wote wakiona. Wakaja mchana, kwa kuwa waliona heri nusu kuliko kukosa. Karibu mtaa wote ukaonekana safi. Nyumba ya Shangazi, kuanzia yeye na Nassor mpaka wapangaji wa chumba cha nyuma, hawakuonekana na mdudu hata mmoja.

Niliporudi kutoka hospitali alikuja nyumbani na majirani wawili, kama ilivyo desturi wanawake wanapokuja kwa jambo la posa. Nilikuwa nimekaa ukumbini, mguu juu ya kigoda. Nikamwamkia. Alijibu kwa pua.

Alizungumza na Mama, si nami. Alisema anasikitika, lakini nyumba yake imepimwa yote na damu yao ni safi. “Siwezi kuchukua wadudu nikawatia ndani kwa mkono wangu,” akasema. Kisha akaomba vitu vya posa virudi, kwa kuwa Nassor atatafutiwa mahali pengine. Mama akaingia chumbani akilia, akavileta kimoja kimoja akaviweka juu ya mkeka: kanga, mafuta ya uturi, kitambaa cha hariri, na vile viatu vyeupe. Shangazi akavitazama viatu. Akachukua cha kushoto akakitia kwenye furushi, akakisukuma kile kingine kwa ncha ya kidole cha mguu.

“Cha kulia mwachieni,” akasema. “Kitamfaa.”

Jirani mmoja akacheka. Wa pili alijifunika mdomo kwa kanga, lakini mabega yake niliyaona. Kupitia mlango wazi nilimwona Nassor nje, ameshika baiskeli, anatazama usukani. Hakuinua kichwa.

Siku zile nililala nikiwa nimeutazama ukuta. Mtu anayefikiri sana akipata neno la namna ile hulitafuna kama miraa. Nililisema kwa sauti ya Shangazi, nikalisema kwa sauti yangu, nikalisema polepole na haraka. Lakini asubuhi moja niliamka nikagundua kwamba nimeamka kabla ya adhana ili niogeshe mguu, na kwamba nausugua kwa nguvu ya mtu anayemsugua adui. Kuanzia hapo sikukosa hata siku moja. Mama alidhani nimepata matumaini. Nilikuwa nimepata hasira. Usiidharau ukiipata: matumaini yangu yalikuwa yakichoka kila jioni, hasira haikuchoka. Masika yalipokaribia ngozi ilikuwa imelainika, vidonda vya chale vimefunga, na nilikuwa natembea mpaka sokoni na kurudi.

Huko sokoni ndiko Bwana Tenga aliponikuta. Alikuwa mtu mfupi, kaptura yake imenyooka kwa pasi, anazungumza na kila mwuza samaki. Akautazama mguu wangu waziwazi.

“Huo ndio cheti ninachokitafuta,” akasema. “Wewe si ndiye msomi aliyerudi? Wanawake wa mji huu mimi wananifungia mlango. Njoo uwe mdomo wangu.”

Barua ya shule ilikuwa haijafika, nikakubali. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wanawake shida ya daktari na kumweleza daktari shida za wanawake. Siku moja, tukiwa tunapanga vipande vya vioo, nilimwuliza Bwana Tenga jambo lililokuwa likinikereketa: imekuwaje nyumba ya Bi Zuwena iwe safi, nasi tumeishi mtaa mmoja na kuumwa na mbu wale wale wa makaro yale yale.

Akacheka mpaka akakiweka kioo chini. “Safi? Walitoa damu mchana, dada yangu. Mchana hata kaburi lina damu safi.”

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Lile nililoambiwa wodini, ambalo sikulisikia kwa sababu ya hofu, sasa nililisikia lote kwa mara moja. Wale watu hawakupimwa. Waliogopa mumiani, wakachagua saa ambayo mdudu amelala, kisha wakaja nyumbani kwangu na usingizi wake wakauita usafi.

Bwana Tenga hakujua alichoniwekea mkononi, akaendelea kuzungumza. Ndiyo maana wamerudi, alisema. Kuna njia mpya wanayoijaribu: unampa mtu kipimo kidogo cha dawa ile ile ya matende mchana, unangoja, na wadudu wanaamka wakidhani kumekucha kwao, wanatoka kwenye damu jua likiwaka. Njia hiyo ikifaa hapa, hapatakuwa na haja ya kutembea usiku wala ya kuogopwa. Wataonekana wote wenye wadudu, na watapewa vidonge kabla mguu haujavimba. Walichokosa ni mtu mwenye heshima wa kuanza, ili wengine wafuate.

“Namjua mmoja,” nikasema.

Sitajifanya kwamba niliwaza afya ya mji. Niliwaza kiatu.

Meza ya kupimia damu iliwekwa barazani kwa jirani yule aliyecheka, maana baraza lake lilikuwa kubwa na lina kivuli asubuhi yote. Wanawake walijaa. Daktari aliniagiza niwaeleze kila kitu bila kuficha, na nilifanya hivyo. Huo ndio uzuri wa mtego wangu: haukuwa na neno hata moja la uongo. Nilikwenda kwanza kwa Shangazi, kama adabu inavyotaka.

“Shikamoo, Shangazi.”

Akajibu kwa pua.

“Daktari anasema kidonge hiki mwenye wadudu kitamletea homa leo jioni, na kuumwa na viungo. Itapita, na daktari mwenyewe atakuwapo. Mwenye damu safi hasikii chochote.”

“Nani kakwambia naogopa homa?”

“Hapana aliyesema, Shangazi. Nasema tu ni hiari. Asiyetaka halazimishwi, na wengi wanaogopa.” Nikangoja kidogo. “Na majibu utaambiwa faraghani, chumbani, watu wasisikie.”

Aliwatazama wanawake barazani, nao wakamtazama. Akanyoosha mkono.

“Mimi nina nini cha kufichiwa chumbani? Lete. Na majibu mtayasema hapa hapa.”

Akameza. Nassor, aliyemleta mama yake kwa baiskeli, akaambiwa na mama yake ameze pia, akameza huku akiitazama sakafu. Kisha wakakaa kwenye benchi kungoja, na mimi nikasimama. Ulikuwa muda wa kukuna nazi na kupika wali. Mimi niliyekaa kwenye mabenchi mwaka mzima, nilimtazama Shangazi anavyokaa kwenye lake: alivyoanza mnyoofu, alivyoanza kurekebisha buibui, alivyokuwa akiangalia mikono ya Bwana Tenga. Lakini nami nilikuwa nimelowa jasho. Je, kama damu yake ni safi kweli? Basi lile alilolisema ukumbini kwetu litakuwa kweli milele, na nitakuwa nimelipeleka mwenyewe kwa daktari likapigwe muhuri. Nilifikiria kuondoka. Nilifikiria kuiangusha meza. Nilifikiria mambo mengi ambayo mtu mwenye akili timamu hafikirii akiwa ameshika kikombe cha maji.

Bwana Tenga akamchoma kidole, akaweka tone chini ya hadubini, akainama. Alipoinua kichwa hakunitania. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila mzaha usoni, na hapo nikajua.

“Mwambie aje chumbani,” akanong'ona.

“Mwenyewe amesema aambiwe hapa,” nikajibu, si kwa kunong'ona. “Karibu, Shangazi. Njoo utazame.”

Alikuja. Akaondoa buibui usoni, akafumba jicho moja, akaweka jingine kwenye hadubini. Alikaa hivyo muda mrefu.

“Wanacheza,” akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto aliyeonyeshwa kitu kwenye maji. Kisha akauliza, “Wa nani?”

“Wako, Shangazi.”

Alitafuta benchi kwa mkono bila kugeuka. Jirani yule aliyecheka siku ya viatu alikuwa amekaa hapo. Akasogea, si kumpisha, akasogea mbali, akaikusanya kanga yake isiguse. Nilikiona kitendo kile, na sitasahau ladha yake. Nilikuwa na sentensi moja niliyoiandaa msimu mzima, nikaisema taratibu, kila mtu asikie.

“Nani atachukua wadudu akawatia ndani kwa mkono wake?”

Kisha Nassor naye akachomwa, na hadubini ikaonyesha wale wale, wengi kuliko wa mama yake.

Jioni ile homa ilimpiga Shangazi kama tulivyosema. Daktari alinituma nikae naye, kwa kuwa mimi ni ndugu. Nilimpa maji, nikamfunika blanketi, nikamwekea kitambaa cha baridi kwenye paji la uso. Nilifanya kila nililoagizwa, na sitasema kwamba nilimwonea huruma. Alikuwa akitetemeka. Akanishika mkono.

“Nitakuwa kama wewe?”

Nilifikiria kumwacha angoje jibu, kama nilivyongoja mimi. Lakini daktari alikuwa mlangoni.

“La, Shangazi. Umewahi. Dawa itawaua kabla hawajafika mguuni.”

Niliposema hivyo ndipo nilipoyaona yote. Mguu wake hautavimba kamwe. Atatembea arusini kwa viatu vya jozi mpaka uzeeni, na aliyempa miguu hiyo ni mimi. Kisasi changu kilikuwa kimemponya. Nilitoka uani nikaogesha mguu wangu kwa maji ya kisima chake, nikausugua mpaka ukaniuma, na sikujua kama nacheka au nalia. Asubuhi yake wanawake walikuwa wamepanga mstari barazani kabla meza haijawekwa. Kama hata Bi Zuwena anao, walisema, sisi ni nani?

Nassor alinikuta wiki za vidonge zilipokuwa zikiendelea, kwenye benchi la zahanati. Alikaa mwisho wa benchi. Tulizungumza habari za mvua, habari za Mbegani. Kisha akasema, bila kunitazama:

“Salha, mimi nilianza kabla yako. Nilipata mtoki na ile homa kabla hata ya posa. Nilikuwa najua.”

“Ulijua siku ya viatu?”

“Nilijua.”

Ningeweza kumsamehe wadudu. Wadudu ni wa mtaa mzima. Nililowaza ni ule usukani wa baiskeli, na jinsi alivyoutazama.

Kusi lilipoingia, Shangazi akaja nyumbani kwetu mara ya pili, na majirani wale wale. Safari hii alizungumza nami mwenyewe. Alisema yaliyopita ni upepo, daktari amesema sote tumeugua ugonjwa mmoja, na damu ya kaka yake isitoke nje ya nyumba. Mama alikuwa ananitazama kwa macho ya kunisihi. Shangazi akafungua kanga, akatoa kiatu cheupe cha kushoto, akakiweka juu ya mkeka.

Niliingia chumbani. Kile cha kulia kilikuwa chini ya kitanda, tangu kiachwe sijakivaa hata mara moja, ingawa kingenifaa. Nikakileta, nikakiweka kando ya mwenzake, nikavinyoosha visogeleane.

“Sasa jozi imetimia, Shangazi,” nikasema. “Mtafutieni Nassor mwenye kuvivaa.”

Hakuna aliyecheka.

Mguu wangu wa kushoto bado ni mkubwa kuliko wa kulia, na utabaki hivyo. Nauogesha asubuhi na jioni. Fundi wa makubadhi hunishonea cha kushoto kipana, na hapati shida. Nafundisha nimesimama, nikichoka nakaa, na wanafunzi wamezoea. Wewe uliye mwanzoni mwa njia hii, tafuta sabuni kabla ya kutafuta sababu. Na watu wa damu wakija mtaani kwenu, usichague saa inayokupendeza.

Kila mwaka kabla ya masika watu wa utafiti hurudi na vidonge, na mimi huomba ruhusa shuleni nije kushika kikombe cha maji. Shangazi huja wa kwanza katika mstari.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Humeza mbele yangu. Kanuni ni kwamba mmezaji afungue kinywa, ahakikishwe. Hufungua, nami huinama nikatazama chini ya ulimi, polepole, kwa muda mrefu kuliko ninavyowatazama wengine.